Sponji za ndani ya tairi: zinabadilisha nini ukiteremka Menengai

Ndugu, umeuliza kama sponji za ndani ya tairi, yaani zile pete za povu zinazozunguka rimu ndani ya tairi, zitailainisha baiskeli yako isiyo na shoki ya nyuma ukija kuteremka Menengai, mlima wa volkano ulio juu ya mji wa Nakuru, au utakuwa umebeba uzito wa bure kutoka Kisumu. Mimi naendesha huku Nakuru na gurudumu langu la nyuma lina sponji hadi leo, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Sponji yenyewe hailainishi kitu. Ukiiweka halafu ubaki na presha ileile ya zamani, utaona baiskeli imekuwa ngumu zaidi, na utakuwa umeona sawa. Sponji imekula nafasi ya hewa. Hewa iliyobaki ni kidogo, kwa hiyo tairi likibonyezwa na jiwe presha inapanda haraka kuliko ilivyokuwa ikipanda. Ulaini unakuja pale unapopunguza upepo, na kazi ya sponji ni kukuwezesha kuupunguza bila kuvunja rimu. Mimi nina kilo 75 hivi na tairi langu ni la inchi 2.4, halina tyubu. Bila sponji nilikuwa natia psi 26 nyuma (psi ni kipimo cha presha). Nikishuka chini ya hapo, rimu inagonga mawe. Sasa natia 21 au 22, na hapo ndipo tofauti ilipo: tairi linakumbatia mawe madogo badala ya kuyarukia.

Menengai unaijua kwa macho, lakini ukiwa juu ya baiskeli ni jambo jingine. Kule juu mawe ni ya volkano, yana kingo kali, na wakati wa kiangazi yanajificha chini ya vumbi laini kama unga, hivi kwamba unalijua jiwe baada ya kulikanyaga. Bila sponji, ukilipata vibaya unasikia "kang'!" ya chuma na tumbo linakaza. Ukiwa nayo unasikia "dup", sauti nzito ya chini, na unaendelea. Sikiliza sauti hiyo. Ukiisikia mara nyingi katika mteremko mmoja, ongeza psi moja. Ukimaliza mteremko mzima bila kuisikia, unaweza kupunguza.

Kuna jambo la pili ambalo kwangu ni kubwa kuliko ulaini, nalo ni utulivu. Tairi lenye hewa peke yake likibonyezwa linarudi kwa nguvu, na baiskeli isiyo na shoki ya nyuma inakurushia nguvu hiyo yote miguuni na mgongoni. Sponji nene inayogusa mbavu za tairi inameza sehemu ya nguvu hiyo, kwa hiyo gurudumu halidundi ovyo jiwe baada ya jiwe. Kwenye kona pia ubavu wa tairi haujikunji, hata presha ikiwa chini. Lakini angalia aina unayonunua. Zile nyembamba zinazoelea tu ndani, chini ya gramu 100, zinalinda rimu na basi. Hisia ya tairi haibadiliki isipokuwa kwa presha unayopunguza. Zile nene zinazojaza nafasi juu ya rimu na kusukuma mbavu ndizo zinazotuliza, nazo ni kama gramu 250 kwa gurudumu moja.

Uzito huo unauona wapi? Kupanda. Mji wa Nakuru uko kwenye mita 1,850 hivi na ukingo wa Menengai unafika mita 2,278. Sehemu za kuendesha taratibu hutasikia chochote, ila kila unapotaka kuchomoka kwa ghafla gurudumu linachelewa kuitika. Kwa sababu hiyo mbele sina. Mbele shoki inafanya kazi yake, na usukani mwepesi naupenda zaidi. Kwako pia naona nyuma inatosha kabisa.

Sasa miiba. Sponji haizuii mwiba wa mgunga hata kidogo. Kazi hiyo ni ya ile dawa nyeupe ya kuziba, na ikishindwa, kamba ya kuziba tundu. Tairi likichanika kabisa unaweza kuteremka polepole ukiwa umekalia sponji mpaka barabarani, na hilo ni jambo la kushukuru maana Menengai si mahali pa kusukuma baiskeli giza likiingia. Shida ni ukitaka kutia tyubu porini: lazima uitoe sponji, imelowa dawa, uifunge begani urudi nayo hivyo.

Kufunga kwenyewe kunataka subira. Anika tairi juani lilainike, paka maji ya sabuni, ingiza ukingo mmoja wa tairi, kisha sponji, kisha ukingo wa pili ukiusukuma ulale kwenye mfereji wa katikati ya rimu pande zote. Usipoulaza hapo, sehemu ya mwisho haiingii hata ukilia. Tumia mikono na vijiti vya plastiki. Fundi akichukua bisibisi mwambie asubiri, kwani utepe wa rimu ukichanika hewa itatoka usiku kucha. Valvu nayo iwe yenye matundu ubavuni, la sivyo sponji inaiziba na pampu haiingizi kitu.

Kwa njia za murram za Riat na Kisian, huko kwenu Kisumu, nisingekushauri ununue. Kama bado unatumia tyubu, pesa hiyo iende kwanza kwenye tairi zuri lisilo na tyubu na pampu yenye geji ya kuaminika. Psi mbili ndizo zinazoamua kila kitu hapa, na kidole gumba hakizioni.

Halafu jaza upepo huku, si nyumbani. Kisumu iko mita 1,131 tu. Ukipanda mpaka ukingoni hewa ya nje inapungua, na tairi ulilojaza kando ya ziwa linasoma karibu psi moja na nusu zaidi, ingawa baridi ya asubuhi inarudisha kidogo. Kwa hiyo ukifika juu, pima upya kabla hujaanza kuteremka.