Dada wa Newala: mdogo wako ana miaka 16, "alikubali" haiwasaidii

Dada angu pole sana aisee, nimesoma yote. Mdogo wako ana miaka 16, jamaa kampa simu kamlaza gesti, sasa wajomba wanataka yaishe nyumbani kwa hela ya korosho eti binti alikubali na kashachezwa unyago. Sikiliza, unyago haumuongezei mtu miaka. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 130 iko wazi, chini ya miaka 18 awe amekubali hajakubali ni ubakaji, na adhabu yake ni kuanzia miaka 30 jela. Hata angekuwa mtu mzima, kukubali kwa kutishwa au akiwa kalewa sio kukubali, na sheria haidai majeraha wala kwamba alipiga kelele, kwahiyo anayekuuliza "mbona hakupiga yowe" usimjibu hata.

Cha kufanya leo leo, nenda naye polisi muulizie dawati la jinsia na watoto, wakupe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mwende hospitali. Kama anatoka damu au hali mbaya anza hospitali. Dawa za kuzuia ukimwi zinatakiwa ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Asioge, nguo alizovaa usizifue, ziweke kwenye mfuko wa karatasi sio rambo.

Wakikuzungusha piga 116, namba ya msaada kwa watoto, bure, na mtafute msaidizi wa kisheria kupitia ustawi wa jamii hapo wilayani. Hela ya wajomba usiipokee, wala usisaini karatasi yoyote.