Ukisema tumbo linauma, ni tumbo lipi?

Siku tatu mfululizo nilipata choo cheusi nikanyamaza. Nilijiambia ni kisamvu cha juzi. Siku ya nne nilikuwa soko la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, nimeinama nachota dagaa kwenye gunia ili mteja aone walivyokauka, macho yakaingia giza. Wenzangu walinimwagia maji, wakaita bodaboda, mmoja akapanda nyuma yangu akanikumbatia kiuno nisidondoke njiani. Nilikuwa na miaka 41 na sikuwa najua lolote kuhusu tumbo langu.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, si daktari. Ninayoandika nimeyapata kwa kuumwa, kwa kuuliza, na kwa kusoma baadaye. Nayaandika kwa sababu kila wiki nasikia mama mwingine pale sokoni akisema "nina vidonda vya tumbo" na hajawahi kupimwa hata siku moja.

Wanaoijua kazi yetu wanaelewa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika na sisi tunapumzika. Kwa hiyo giza likirudi unafanya kazi kama mtu anayelipa deni. Naamka saa tisa usiku, nakunywa chai ya rangi iliyokolea majani, natoka. Chakula cha kwanza saa nane mchana, wakati mwingine saa kumi. Mgongo ulikuwa unaniuma kwa ajili ya magunia, basi duka la dawa wakanizoesha diklofenaki. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, tumbo tupu, kwa karibu miaka miwili. Chembe ya moyo ikianza kuchoma nanunua vidonge vichache vya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, nameza siku mbili, maumivu yakitulia naacha.

Hospitali nilipokelewa na daktari kijana. Aliniuliza, "Shikamoo mama, pole. Tumbo linauma wapi?"

"Lote."

"Lipi, mama?"

Nilidhani hajanisikia. Akanieleza kwa upole kwamba Kiswahili chetu kinaita tumbo kila kitu kuanzia chini ya matiti hadi kinena, na humo ndani kuna mfuko wa chakula, ini, nyongo, kongosho, bandama, utumbo mwembamba na mpana, na kwa sisi wanawake kuna kizazi. Maumivu ya kila kimoja yana mahali pake na saa zake. Akaniambia nioneshe kwa kidole kimoja, si kwa kiganja. Nikagusa chembe ya moyo, katikati, chini kidogo ya mfupa wa kifua. Akauliza, yanazidi ukiwa na njaa au ukishiba? Usiku yanakuamsha? Choo chako kina rangi gani?

Nilipomwambia cheusi, kinanata kama lami, na kina harufu mbaya isiyo ya kawaida, aliacha kuandika. Alitaka kujua kwanza kama nilikuwa natumia vidonge vya kuongeza damu, maana madini ya chuma nayo hufanya choo kiwe cheusi. Sikuwa natumia. Basi ile ni damu, akasema. Damu ikivuja juu kwenye mfuko wa chakula haitoki nyekundu. Inachanganyika na asidi, inasafiri utumbo mzima, inafika chini imeshakuwa nyeusi. Niliongezewa chupa mbili za damu siku hiyo.

Naomba hapo usome mara mbili. Choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni: hayo si ya kupeleka duka la dawa. Ni ya hospitali, siku hiyohiyo kama ni damu.

Kesho yake walinipima kwa kamera iliyo kwenye mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Watu wanaogopa kipimo hiki, mimi pia niliogopa. Unakaa na njaa tangu usiku, wanakupulizia dawa ya ganzi kooni, unalala ubavu wa kushoto, wanakuwekea kitu mdomoni usiung'ate mpira. Kichefuchefu kipo, machozi yanatoka, lakini kwangu kiliisha upesi. Nesi aligeuza kioo kidogo nikaona. Ukuta wa tumbo ni wa waridi, unang'aa, una mikunjo kama kanga iliyolowa. Na katikati ya uwaridi ule kuna shimo lenye ukingo uliovimba, ndani jeupe, na kitone cheusi pembeni. Kidonda chenyewe. Miaka miwili nilikuwa nakitaja bila kukijua sura.

Baadaye daktari alichukua karatasi akanichorea. Mfuko wa chakula uko upande wa kushoto, juu, umbo la herufi J. Juu una mlango unaofunga chakula kisirudi kooni, chini una mlango mwingine unaokitoa kidogokidogo kwenda utumbo mwembamba. Katikati ni kukanda. Kuta zake zinajibana kwa mawimbi, kama mara 3 kwa dakika, mithili ya mikono inayokanda unga wa chapati, mpaka ugali na samaki vinakuwa uji. Mlo wa kawaida unachukua saa kadhaa kutoka. Wenye mafuta mengi unakawia zaidi, ndiyo maana ukila sangara wa kukaanga usiku unalala bado unamsikia.

Kinachosaidia kukata nyama na samaki ni asidi kali pamoja na kimeng'enya kiitwacho pepsini. Asidi hiyo pia inaua vijidudu vingi tunavyomeza na chakula. Sasa mbona hailidhuru tumbo lenyewe? Kwa sababu ukuta umepakwa ute mzito, na seli zake zinabadilishwa upya kila baada ya siku chache. Kuna kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini zinazousimamia ulinzi huo. Kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazochochea maumivu mgongo ukichoka au goti likivimba. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinafanya kazi kwa kuzizuia. Zinanyamazisha mgongo na papo hapo zinauvua ukuta wa tumbo nguo.

Hili lilinigusa kuliko yote, maana nilikuwa naamini kidonge kinakwaruza tumbo kwa kuligusa, na wenzangu wengi wanakimbilia sindano wakidhani ni salama. Sindano inapita kwenye damu na inafika kulekule. Kula kabla ya kumeza kunapunguza kuchefuka, hakuondoi hatari. Siku hizi mgongo ukiuma natumia paracetamoli kwa kipimo kilichoandikwa, na magunia nalipia mtu wa kubeba.

Kwangu kulikuwa na mkosaji wa pili. Walichukua kinyama kidogo wakakuta bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Zamani madaktari duniani kote waliamini vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, wakasema hapana, ni bakteria. Hawakuaminiwa, hadi Marshall mwaka 1984 akanywa mwenyewe maji yenye bakteria hao na tumbo lake likavimba ndani. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyu wengi tumempata utotoni, ndani ya familia, kwa mate au kwa maji na mikono yenye uchafu. Wengi wanaishi naye bila kuumwa. Ila akikutana na diklofenaki kwenye tumbo moja, kidonda kinapata njia rahisi zaidi.

Dozi yangu ilikuwa siku 14: omeprazoli, amoksisilini na klarithromaisini. Mdomo ulikuwa mchungu kama nimelamba shilingi. Siku ya nne maumivu yaliisha kabisa, na hapo ndipo wengi wanaacha. Maumivu yanaisha kwa sababu asidi imepungua. Bakteria bado yupo, na ukimwacha nusu anaizoea dawa. Nilimeza zote. Omeprazoli ni nusu saa kabla ya kula, si baada ya kula kama nilivyokuwa nafanya. Kipimo cha marudio unasubiri angalau wiki 4 tangu umalize antibayotiki, na unakuwa umeacha omeprazoli kwa wiki 2, vinginevyo jibu linaweza kukudanganya. Changu kilitoka safi.

Kuhusu maziwa, nilikuwa nakunywa nusu lita kila chembe ikichoma. Yanapoza kwa muda, kisha tumbo linatoa asidi zaidi kwa sababu yake. Juisi ya kabichi nayo nilikunywa miezi mitatu kwa ushauri wa jirani mwenye nia njema. Sijui kama ilinidhuru, lakini kidonda kilikuwepo. Pilipili haileti vidonda, ila kama inakuchoma iache. Kiungulia, yaani ule moto unaopanda kifuani na uchachu unaocheua, ni mlango wa juu haufungi vizuri. Kwangu kimepungua nilipoanza kuacha muda wa saa tatu kati ya chakula na kulala na kuinua kichwani mwa kitanda kwa matofali mawili. Lakini "kiungulia" kinachokuja na jasho jembamba, pumzi kubana na maumivu kwenda mkono au taya kinaweza kuwa moyo. Huyo usimpe maji ya magadi, mpeleke hospitali.

Sisi wa Ziwa Victoria tuna jambo letu zaidi, na hili linanisumbua sana. Mwaka jana mtoto wa kaka yangu alikuja kutoka kisiwa cha Ukerewe, anavua dagaa, amekonda. Ndugu wote walishaamua ni vidonda. Alikuwa ameshameza omeprazoli mwezi mzima.

Nilimkalisha kibarazani. "Baba, tumbo lipi?"

Akapitisha kidole chini ya kitovu, kushoto.

"Choo kikoje?"

Aliona haya, mimi ni shangazi yake. Nikamwambia choo changu mimi kilikuwa kama lami na nusura kinizike. Akacheka kidogo, akasema chake kina damu nyekundu na makamasi, kinakuja na kwenda tangu mwaka juzi.

Hilo halikufanana kabisa na langu. Nikampeleka kupima choo, wakakuta mayai ya kichocho. Huku kwetu kichocho kinachotawala ni cha utumbo. Kimelea kinatoka kwa konokono walioko majini kandokando, kinapenya ngozi wakati umesimama unasukuma mtumbwi au unafua, wala hukisikii. Mayai yake yanajeruhi utumbo, na mengine yanakwama kwenye ini. Miaka ikipita ini linakakamaa, bandama inavimba, mishipa ya koo la chakula inatuna na inaweza kupasuka, mtu akatapika damu. Mtu kama huyo nyumbani watasema vidonda, na dawa ya vidonda haitagusa kichocho.

Ini lake lilipimwa kwa picha, likakutwa bado zima. Akapewa prazikwanteli, vidonge vinahesabiwa kwa uzito wa mtu. Nilimpikia ugali na sato wa mchuzi kwanza, kwa kuwa dawa hiyo inachefua sana tumbo likiwa tupu. Alipomaliza kula akavimeza kimoja kimoja, mimi nimekaa pembeni nahesabu.