Kauntabuku yangu si chanzo

Wahariri, salaam.

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Habari za filamu zetu zinazoandikwa na watu wa kujitolea kwenye Wikipedia, tuziamini?" Jibu langu ni hapana. Ningeishia hapo nikawaachia wengine nafasi, ila mmenitonesha kidonda. Kwangu mimi swali si kama wanaaminika. Swali ni nani aliyewapa kalamu ya kusema picha ilitoka lini na iliishaje, wakati sisi tuliozipokea picha hizo zikishuka kwenye treni bado tupo hai na akili zetu timamu.

Nijitambulishe. Kuanzia 2005 hadi 2014 nilikuwa na laibrari ya CD hapa Mwanga, Kigoma, nyuma ya soko. Chumba kimoja, TV ya chogo, deki mbili, na ukuta mzima wa kava. Kuazima shilingi 500 kwa siku, ukilaza unaongeza. Umeme wetu enzi hizo ulikuwa wa majenereta, na mgao ukikukuta katikati ya picha unamwacha stelingi ananing'inia mlimani mpaka kesho yake. Mzigo ulitoka Kariakoo, ukapanda reli ya kati, ukakata kilomita 1,200 na ushei kupitia Dodoma na Tabora. Treni ikikwama kwa mvua, Mwanga nzima inakuulizia sehemu ya pili kama inavyouliziwa sukari. Mwigizaji Kanumba alipofariki Aprili 2012, watu walijaa pale kwangu kama kwenye matanga, kila mtu anataka picha yake, hata wale waliokuwa wakimsema.

Na nilikuwa na kauntabuku tatu za kwaya nne. Kila picha iliyoingia niliiandika: jina, stelingi, adui, tarehe, CD ngapi, kaazima nani, karudisha au hajarudisha. Biashara ilipokufa, deki niliuza, kava nikagawa, kauntabuku nikabaki nazo. Mke wangu amezitaka mara mbili za kuwashia jiko. Nimekataa.

Sasa mpwa wangu. Anasoma chuo Dodoma, na huko amejiunga na vijana wenzake wanaoandika makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Hawalipwi hata vocha. Mwaka jana kaja likizo, kanikuta barazani nachambua dagaa. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Kabla hajakunywa hata maji akauliza: "Mjomba, zile kauntabuku zako bado unazo?" Nilifurahi mno. Nikajua siku yangu imefika.

Akanieleza. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, lakini makala nyingi za filamu zina mistari miwili mitatu tu, na chini yake pameandikwa kwamba makala hii bado ni mbegu. Wenzake wamechoshwa na kila mtu kuandika kivyake. Huyu anaanza na ndoa za stelingi, yule ananakili maneno ya kwenye kava, "picha kali, usikose", mwingine hata mwaka haandiki. Kwa hiyo wamekaa kukubaliana: makala ianzeje, lile sanduku la pembeni liwe na nini, mwaka uhesabiwe kwa lipi. Kila lugha ina taratibu zake, lakini wanachungulia kwa wenzao wa Kiingereza, ambao wana mradi mzima wa watu wa filamu na mwongozo walioujadili kwa miaka. Akanisomea. Sentensi za mwanzo zitaje jina, mwaka, aina ya picha na mwongozaji. Kisa kisimuliwe kwa maneno kati ya 400 na 700. Mwisho wa kisa unasemwa waziwazi, msomaji haonywi. Picha ambayo haijaanza kupigwa haipewi makala yake. IMDb, ile tovuti ya orodha za filamu, haihesabiwi kuwa chanzo, kwa kuwa nayo inajazwa na watu tu. Na mkibishana mnajadiliana kwenye ukurasa wa majadiliano mpaka mwelewane.

Maneno 700! Nilicheka mpaka dagaa wakamwagika. Picha ya Kibongo yenye mama mkwe, mganga na mtoto aliyepotea, mimi nilikuwa namsimulia mteja nusu saa na bado hajaamua kuazima.

Tukaanza na picha moja ambayo sitaitaja, maana mtaona mbele kwamba aibu ni yangu, si yake. Ni ya mke anayeteswa na mawifi. CD mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, ziliuzwa mbalimbali kama zilivyouzwa zote.

Ugomvi wa kwanza: ni picha moja au mbili? Mimi nikasema mbili, nilizilipia mara mbili. Yeye akasema moja. Mwongozaji ni yuleyule, waigizaji walewale, kisa kimekatwa katikati ili mfanyabiashara auze mara mbili. Makala moja. Niliona kama mtaji wangu unakatwa nusu, lakini nikamwachia.

Ugomvi wa pili, mwaka. Kava inasema 2007. Majina yanayopita mwishoni yanasema 2006. Kauntabuku yangu inasema tarehe 12 Machi 2008.

"Mjomba, hii tarehe yako ni ya nini?"

"Ya kutoka."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye treni."

Akanieleza kwa upole kwamba wale wa Kiingereza wanahesabu siku picha ilipoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza, hata kama ni kwenye tamasha. Tamasha gani? Zanzibar wana tamasha lao la filamu tangu 1998, ni kweli, lakini picha kama hii haikwenda tamasha lolote, ilikwenda Kariakoo. Tukakubaliana aandike mwaka wa kwenye kava. Nikamwambia, basi chini weka chanzo: kauntabuku ya mjomba, Mwanga, Kigoma.

Akainamisha kichwa. "Mjomba, kauntabuku yako si chanzo."

Eti chanzo lazima kiwe kimechapishwa, mtu mwingine aweze kukifuata na kuhakikisha. "Mtu wa Songea akitaka kuhakikisha, aje hapa kwako?" Aje! Chai ipo. Nilimjibu hivyo nikaingia ndani, na chakula cha usiku nikala peke yangu chumbani, mtu mzima na mvi zangu.

Asubuhi tukarudi kazini, mimi kwa kununa. Kisa cha picha hakihitaji gazeti, akasema, picha yenyewe inatosha kuwa chanzo, ila lazima uitazame. Tukaazima deki kwa jirani, tukatazama sehemu ya kwanza, akaandika vizuri tu. Akauliza: "Ya pili iko wapi?" Nikafungua kauntabuku. Ya pili kaazima mchuuzi mmoja wa dagaa wa Kibirizi, Aprili 2008, na mbele yake nimeandika kwa peni nyekundu: HAJARUDISHA.

Ninamkumbuka kama jana. Alivuka nayo kwenda Uvira, Kongo, akarudi baada ya miezi mitatu bila CD, lakini kisa alirudi nacho. Alinisimulia palepale kaunta, amesimama, ndoo ya dagaa miguuni, machozi yanamlengalenga. Mke anafia hospitali. Mume anagaagaa makaburini. Mama mkwe anakiri yote mbele ya watu, wifi mkubwa anapata kichaa anaokota makopo. Ilikuwa kali kiasi kwamba hata faini sikumdai siku ile. Na tangu hapo kila mteja aliyeazima sehemu ya kwanza peke yake nilimmalizia mwenyewe, bure, kama huduma. Na makaburini nilikuwa naongeza mvua.

Nikamsimulia mpwa, naye anachapa. Ghafla akaacha.

"Mjomba, uliiona mwenyewe?"

"Naijua."

"Najua unaijua. Uliiona?"

Siku mbili akahangaika na simu, kwa bando langu, mpaka akaipata YouTube. Tukakaa barazani jioni, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai, mke wangu nyuma yetu na kanga mkononi tayari kwa kulia. Hospitali haikuja. Makaburi hayakuja. Wifi mkubwa mzima, anasuka nywele. Dakika za mwisho mume anashuka kwenye basi Morogoro, anazunguka stendi akiulizia, na huyo hapo mkewe, kanenepa, anauza maandazi. Mume anasimama. Mke anamtazama. Anachukua maandazi mawili, anayafunga kwenye kipande cha gazeti, anampa. Mume anatoa noti. Mke anahesabu chenji, anamrudishia, halafu anamgeukia mteja wa nyuma yake: "Karibu kaka, ngapi?" Picha imekwisha.

Hakuna aliyesema kitu. Mke wangu akaenda kutandika kitanda. Mimi nikauliza, na hili mpwa wangu ameshalisimulia Dodoma nzima: "Au kuna sehemu ya tatu?"

Stelingi hafi! Mtoto yeyote aliyekaa kibanda umiza cha Ujiji anajua kwamba stelingi hafi. Mimi mwenye kauntabuku tatu nilimzika mzima kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na kuna watu Buzebazeba na Gungu waliolia kwa ajili ya mazishi yangu ya uongo. Sijui kama mchuuzi yule alinidanganya ili nimsamehe faini, au naye alisimuliwa na mtu Uvira.

Usiku ule, kwa kuwa nilikuwa nimeshavuliwa nguo, nikamwuliza na la meli ya Liemba. Wengi tuliokulia Kigoma tumeambiwa na baba zetu kwamba meli yetu ilicheza kwenye filamu ya The African Queen, ile ya 1951. Akatafuta. Riwaya ya C. S. Forester ya 1935 ndiyo iliyotokana na vita vya meli ziwani kwetu Tanganyika, na meli ya Wajerumani iliyomo inafanana na Graf von Götzen, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi majini 1927 kwa jina la Liemba. Hadi hapo baba zetu wako sawa. Lakini filamu ilipigwa Uganda na Kongo, na meli inayoonekana mle ilitoka Ziwa Victoria. Liemba haikucheza. Nimemwomba asiseme jambo hili kule gatini.

Sasa nirudi kwenye swali lenu. Juu kabisa nimeandika hapana, na sifuti, muone nilikotoka. Lakini naona jibu limegeuka mkononi. Ndiyo, tuwaamini, ila ya shingo upande. Maana wao wakikosea, kila badiliko limehifadhiwa kwenye kurasa za historia na saa yake, unaweza kurudi nyuma ukaona nani aligusa nini. Mimi nilipoongeza mvua makaburini hakuna aliyeweka alama.

Ila kuna jambo moja sikubali, na nimemwambia awapelekee wenzake. Wale wa Kiingereza, ili picha istahili makala, kipimo chao kimojawapo ni uhakiki kamili kutoka kwa wahakiki wawili au zaidi wanaojulikana kitaifa. Kwetu nani aliandika uhakiki huo? Magazeti yetu ya miaka ile yaliandika nani kamchukulia nani bwana, picha zenyewe hawakuzitazama. Mhakiki wetu alikuwa mteja anayerudisha CD asubuhi: "Mzee, hii ni uzushi, nirudishie mia mbili." Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilikwenda tamasha la filamu la Toronto 2021, kisha ikachaguliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar, basi ina kila chanzo, na ni haki yake. Hapo utaratibu unasaidia hata kuitenganisha na riwaya ya Shafi Adam Shafi yenye jina hilohilo. Lakini picha ya maandazi, iliyotazamwa kila nyumba yenye deki kuanzia Bangwe hadi Mwandiga, kwa kipimo kile haipo duniani. Wakiazima mwongozo huo, waazime na akili. Mpwa anasema mwongozo ni mwongozo, si sheria, na ukiwa na sababu unaweza kupinda. Nasubiri nione watakavyopinda.

Makala ipo. Kisa kizima, CD zote mbili, kimeenea kwenye maneno 612. Nimehesabu mwenyewe kwa kidole. Kauntabuku haijatajwa popote.

Na wewe mchuuzi wa Kibirizi, kama unasoma hapa: ni shilingi 500 kwa siku, tangu Aprili 2008.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma