Vipimo vya haraka vya kaswende: vitendanishi pekee havitoshi

Ndugu, umeuliza kama kliniki yenu inaweza kuanza vipimo vya haraka vya magonjwa ya zinaa kwa kununua vitendanishi na kumfundisha muuguzi mmoja. Kuanza mnaweza, ila wafundisheni wote wanaopokea wagonjwa, kwani huyo mmoja akienda likizo huduma itasimama.

Anzeni na kaswende, hasa kwa wajawazito, kwa kuwa tone la damu ya kidoleni hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20, na sindano ya penisilini ya benzathini inaweza kuchomwa kabla mama hajaondoka. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, maana anayeambiwa arudi wiki ijayo mara nyingi harudi, na mtoto aliye tumboni hawezi kungoja. Basi dawa iwepo kabatini kabla ya kipimo cha kwanza.

Linalopotosha wengi ni kwamba kipimo hiki hutambua kingamwili ambazo kwa kawaida hubaki mwilini hata baada ya mtu kupona. Kwa hiyo aliyewahi kutibiwa asihukumiwe kwa mstari unaotokea kwenye kipimo pekee, bali apimwe pia RPR, kipimo kingine cha damu kinachosaidia kujua kama ugonjwa bado upo. Wekeni saa mezani, kwa sababu kipimo kilichosahaulika hadi jioni huweza kuonyesha mstari hafifu usio wa kweli, na mstari wa udhibiti, ule unaothibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi, usipotokea kabisa, jibu hilo ni batili na mgonjwa apimwe upya.

Kisonono na klamidia hupimwa kwa uhakika zaidi kwa mashine inayotambua vinasaba vya vimelea, hivyo ipangieni mashine hiyo bajeti.