Picha ya mtu inayodumu: niliyojifunza baada ya kukosea

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilimpiga picha bibi mmoja. Nililainisha ngozi yake mpaka mikunjo yote ikatoweka, kisha nikaitia picha ile rangi ya machungwa iliyokuwa ikivuma siku zile. Wote tukaisifu. Miaka ikapita, bibi akafariki, binti yake akanijia: "Kaka, unayo ile yenyewe, kabla hujamtengeneza? Hii si mama." Sikuwa nayo. Nilishaifuta ili nipate nafasi kwenye diski. Bado linaniuma, na ndiyo maana nakuandikia wewe unayeanza.

Wengi watakuambia kuwa picha isiyozeeka haina budi kuondolewa kila kinachoonyesha zama: ukuta mtupu, nguo za rangi moja, tena iwe nyeusi na nyeupe. Kuna ukweli kidogo hapo, kwa kuwa maandishi makubwa kifuani huvuta macho ya mtazamaji kabla hajafika usoni. Lakini tazama kazi za mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Wateja wake wamevaa saa, wamekaa na redio, wengine wako na skuta, na nyuma yao kuna kitambaa cha maua. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani mwake. Zama zao ziko wazi kabisa, na bado nyuso zile zinakutazama kama mtu aliyeingia mlangoni sasa hivi. Vitu vya anayepigwa picha haviizeeshi picha. Madoido yetu sisi wapiga picha ndiyo huizeesha.

Kwa hiyo anza na umbali. Wanaoanza husogea karibu mno, nusu mita hivi, na pua huvimba huku masikio yakirudi nyuma. Hulaumu lenzi, kumbe ni pale waliposimama. Simama mita moja na nusu hadi mbili. Kwa kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi kikubwa kama fremu ya filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 85 hapo itakupa kichwa na mabega. Kama una simu tu, rudi nyuma hivyo hivyo, kisha ukate kingo za picha baadaye.

Taa usinunue kwanza. Tafuta dirisha ambalo jua halipigi moja kwa moja, umkalishe mtu kama mita moja kutoka hapo, na uzime balbu zote, maana umanjano wake ukichanganyika na nuru ya nje ngozi huonekana kama ya mgonjwa. Kisha mwambie ageuze uso polepole kutoka dirishani. Kuna mahali ambapo pembetatu ndogo ya nuru hubaki chini ya jicho la upande wenye kivuli. Mchoraji Rembrandt aliipenda nuru ya namna hiyo katika karne ya 17, na mpaka leo haijachosha. Kivuli kikizidi, weka kadibodi nyeupe upande huo. Lenga jicho lililo karibu nawe, na hakikisha dirisha linang'aa ndani ya mboni.

Hayo utayashika kwa wiki chache. Mtu mwenyewe ndiye kazi. Niliwahi kumpiga picha fundi cherehani aliyekaa amekakamaa kama anasubiri sindano ya daktari. Nilipiga picha thelathini, zote mfu. Nikaiweka kamera magotini nikamuuliza anavyotambua kitambaa kizuri. Hakujibu kwanza, alisugua kidole gumba juu ya kidole cha shahada, taratibu, kana kwamba kitambaa kipo, macho yakatulia. Picha niliyompa ni hiyo. Tangu hapo sihesabu "moja, mbili, tatu", kwani tabasamu la kuagizwa hukauka kabla ya tatu. Namwomba mtu afumbe macho, ashushe pumzi, afumbue akiwa tayari. Na nikishusha kamera siiweki mbali, kwa kuwa watu hurudi kuwa wenyewe pale wanapodhani tumemaliza.

Kwenye kuhariri nina kanuni moja. Kitakachoondoka chenyewe baada ya wiki mbili, kama chunusi au mkwaruzo, nakifuta. Kovu, baka na mkunjo vinabaki mpaka mwenyewe aniombe, na hata akiomba napunguza kidogo tu. Kisha naifunga picha kwa siku mbili tatu. Nikiifungua na rangi zikawa za kwanza kuniita kabla ya uso, nazipunguza.

Faili ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, lisifutwe kamwe. Weka nakala mbili kwenye diski tofauti, moja ikae nje ya nyumba. Chapisha angalau picha moja kwenye karatasi isiyo na asidi, kisha nyuma yake andika jina kamili la mtu na tarehe kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza, la sivyo herufi zitajitokeza upande wa uso.