Kahawa kwanza, mvinyo baadaye

Mgeni akija kwangu Jumamosi, kahawa hutangulia na mvinyo hufuata jua likishatua. Hotelini mambo hupangwa kinyume: unakula, unakunywa mvinyo, kisha unaletewa kahawa mwishoni. Mpango huo nimeuacha, na ningependa nawe ujaribu huu wangu, hasa kama unaishi Nairobi, ambapo mashamba ya kahawa yanaanza hapo Kiambu tu.

Jambo lenyewe liko kwenye ulimi. Kahawa ya Nyeri au Kirinyaga isiyokaangwa sana ina uchachu mtamu, wa balungi na matunda damu, na wengi wetu tukiionja tunakumbuka sharubati ya Ribena. Sifa hiyo inatokana sana na SL28 na SL34, aina za miti ya kahawa zilizochaguliwa na Maabara ya Scott, kituo cha utafiti wa kilimo, miaka ya 1930 na ambazo wakulima wetu wanazitunza hadi leo. Uchachu wa namna hiyo ndio anaoutafuta mtu kwenye mvinyo mweupe mzuri. Ukianza na kahawa, ulimi ungali safi, unaupata wote. Ukifika kwenye mvinyo saa mbili baadaye, tayari unajua unachokisikiliza kinywani. Geuza mpangilio uone: tanini za mvinyo mwekundu hukausha kinywa, na kahawa ikija juu yake unaambulia uchungu mtupu.

Halafu kuna usingizi. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa nne usiku bado kina nguvu zake nusu saa tisa usiku. Kikombe cha saa kumi alasiri hakina shida hiyo kwa watu wengi.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Kahawa haiondoi pombe mwilini. Inakufukuzia usingizi tu, ukajiona u macho na uko tayari kushika usukani, ilhali ini linaendelea na kazi yake kwa mwendo wake ule ule. Alcoblow, kile kipimo cha pombe cha polisi barabarani, haitajali umekunywa vikombe vingapi. Aliyekunywa mvinyo aache gari kwangu, aite teksi, gari atalichukua kesho. Sina mjadala katika hilo, hata kwa shemeji zangu.

Sasa kahawa yenyewe. Maelezo mengi ya kuandaa kahawa yanasema maji yakichemka uyaache yapoe kidogo, yashuke hadi nyuzi 92 au 96 hivi. Ushauri huo unawafaa walio karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Usiyasubiri. Birika likichemka mimina papo hapo, maana ukingoja dakika mbili tatu kahawa itatoka nyepesi, yenye uchachu mkali usio na utamu. Mimi hutumia gramu 15 za kahawa kwa mililita 240 za maji, na chujio la karatasi. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Saga wakati ule ule unaopika. Ukiwa huna kifaa cha kusagia, muuzaji atakusagia, ila nunua kidogo kidogo.

Dukani usivutwe na herufi AA peke yake. AA inaeleza ukubwa wa punje, na AB, yenye punje ndogo kidogo, ikitoka kiwanda kimoja na hiyo AA inaweza kukupendeza zaidi, kwa bei nafuu. Tazama tarehe ya kukaangwa. Kama pakiti haina tarehe hiyo, mimi huirudisha kwenye rafu.

Kisha ninachowaomba wageni wangu: onjeni bila maziwa na bila sukari, angalau mafunda ya kwanza. Najua tumelelewa na chai ya maziwa, na simlazimishi mtu. Lakini kahawa hii ilichumwa mbivu tunda kwa tunda, ikachachushwa, ikaoshwa, ikaanikwa siku nyingi kwenye vitanda vya waya, mkulima akiigeuza kwa mkono na kuifunika mvua ikitisha. Mjomba wangu huko Kirinyaga ameifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa. Ladha anayoihangaikia hivyo inastahili kuonjwa peke yake kwanza. Ikishapoa kiasi, imimine kwenye glasi ya mvinyo, uizungushe, unuse. Inavyopoa ndivyo matunda yanavyojitokeza.

Baina ya kahawa na mvinyo weka maji mengi, njugu karanga, matembezi mafupi kama mvua haijanyesha. Usiweke pilipili.

Kuhusu mvinyo sitasema mengi, kwa kuwa chupa nyingi madukani kwetu zinatoka Afrika Kusini na muuzaji makini atakuongoza. Anza na mweupe uliopozwa, Chenin Blanc au Sauvignon Blanc; Naivasha nako hutengenezwa mvinyo, unaouzwa kwa jina la Leleshwa. Mweupe unastahimili kachumbari yenye ndimu, jambo ambalo mwekundu mzito hauliwezi. Nyama choma ikifika, fungua Pinotage. Ni zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, na baadhi ya watengenezaji huifanya inukie kahawa kabisa. Hamna kahawa ndani. Harufu hiyo huletwa hasa na mbao za mwaloni zilizochomwa motoni. Mgeni aliyekunywa kahawa halisi alasiri huitambua mara moja, na mazungumzo ya meza nzima huanzia hapo. Baridi ya Julai, mwekundu hauhitaji friji. Februari, uweke humo robo saa kabla ya kuufungua.

Asiyekunywa pombe asikae na glasi tupu. Mpe juisi ya zabibu iliyopozwa, katika glasi ile ile nzuri uliyowapa wengine, na yeye ndiye umpe nafasi ya kuchagua kahawa ya siku hiyo.

Mpangilio huu naugeuza kwa chakula cha mchana cha Jumapili tu. Hapo mvinyo unaanza, kahawa inakuja saa tisa alasiri, na usiku utalala vizuri. Mwisho wa mlo huo kata vipande vidogo vya chokoleti nyeusi, mimina kidogo Muscadel au mvinyo mwingine mtamu, na kahawa ije pembeni, nyeusi. Hakikisha mvinyo ni mtamu kuliko chokoleti, la sivyo utaonekana mchachu na mwembamba hata kama ni wa bei ghali.