Mwanangu awe kocha? Ndiyo, lakini kwa karatasi

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, ukocha wa mpira ni kazi ya kuendesha familia Uganda, na ungemruhusu mwanao aifanye?" Naandika kutoka Arua. Mume wangu ni kocha, huu ni mwaka wake wa kumi na tatu, na kijana wetu wa miaka 16 anasema anataka njia ya baba yake. Swali lenu limenikuta nyumbani kabisa.

Kila Jumapili ndoo yangu ya kwanza ni ya vizibao vya mazoezi. Vumbi jekundu la uwanjani halitoki kwa maji ya kwanza wala ya pili. Usiku, watoto wakishalala, yeye anapanga vizibo vya soda mezani, vyekundu ni vijana wake, vya njano ni wapinzani. Anamsogeza beki wa kushoto, anamrudisha, anaandika kwenye daftari, anamsogeza tena. Mchezaji asiyekula mchana anamjua kwa macho, na mara nyingi anakuja naye nyumbani, nami naongeza maji kwenye sufuria ya posho, yaani ugali. Kazi hii naipenda, niseme wazi.

Leseni C ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, aliipata baada ya kuuza mbuzi wetu wawili kulipia kozi. Sijutii mbuzi wale. Kinachoniuma ni klabu iliyompa kazi kwa mdomo tu, "Kocha, anza, mengine tutaongea." Miezi minne hakuna mshahara. Timu ikapoteza mechi tatu mfululizo, na habari za kufukuzwa kwake nikazisoma mimi kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki, yeye akiwa bado uwanjani anapanga koni. Tulipoulizia deni, tuliambiwa hakuna mahali palipoandikwa.

Msidhani ni timu ndogo peke yake. Kocha Mserbia Micho aliipeleka Cranes, timu yetu ya taifa, Kombe la Afrika la 2017 kule Gabon, mara ya kwanza tangu 1978, nchi nzima ikalia kwa furaha siku tulipowafunga Komoro pale uwanja wa Namboole. Julai mwaka huohuo akaondoka akidai mishahara yake. Lakini yeye alikuwa na mkataba wa kudai nao, na jina la kumpeleka Orlando Pirates ya Afrika Kusini. Kocha wa Arua ataenda wapi?

Halafu kuna neno "kaimu", ambalo makocha wetu Waganda hupewa. Tangu 2008 Cranes wamekuwa na Bobby Williamson, Micho, Desabre, McKinstry, Micho tena, kisha Paul Put, wote kutoka Ulaya. Micho alipoondoka 2017, Moses Basena akashika kwa muda. Desabre alipoondoka 2019, Abdallah Mubiru akashika kwa muda. Sina neno baya kwa wageni, Desabre alitufikisha hatua ya 16 bora ya Kombe la Afrika la 2019 kule Misri. Ila Morley Byekwaso aliwapeleka vijana wa chini ya miaka 20 hadi fainali ya Afrika mwaka 2021 kule Mauritania, na ni Mganda. Wetu wanaweza. Jackson Mayanja alivuka mpaka akafundisha Tanzania, hadi Simba, na huko hawakumuuliza kwa nini si Mzungu.

Kwa hiyo mwanangu nitamruhusu. Nimeshamwambia amalize shule, achukue leseni moja baada ya nyingine kama baba yake, D, C, hata A akijaliwa, na asipulize filimbi kabla ya kusaini. Baba yake siku hizi anafanya hivyo. Mkataba wake wa sasa ni kurasa tatu, una tarehe ya mshahara na malipo ya kuvunja kazi, na nakala ninayo mimi, sandukuni, pamoja na karatasi za kiwanja.

Mama wa watoto wanne, Arua